Vipepeo na nondo sandukuni: namna ya kuwakusanya na kuwatunza penye unyevu

Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi baridi, ambako kipepeo aliyekaushwa akawekwa kwenye droo hukaa miaka mia hana habari. Sisi wa Muheza, mkoani Tanga, hatuna raha hiyo. Masika ikishuka hata viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini, sembuse mdudu. Kwa hiyo haya ninayoandika yameegemea zaidi upande wa kutunza kuliko wa kukamata. Kukamata kila mtoto wa huku anajua. Kumfikisha kipepeo mwaka wa kumi akiwa na rangi zake, vipapasio vyake viwili na karatasi inayosema ametoka wapi, hapo ndipo kazi ilipo.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo wavu sinunui. Tafuta neti laini ya mapazia mepesi. Neti ya shela iache, ni ngumu na inakwangua magamba ya mabawa. Chandarua chenye dawa nacho kiache: dawa ile inaua wadudu, na wengi utakaowakamata utataka kuwaachia wakiwa hai. Kina cha mfuko kiwe mara mbili ya upana wa mdomo. Mdomo ukiwa na sentimita 40, kina kiwe 80, ili kipepeo akishaingia ugeuze mkono na mfuko ujikunje juu ya waya, asipate pa kutokea. Chini kata mviringo, maana kwenye pembe kali kipepeo anajibana na kujichana. Mshono uangalie nje, nyuzi zisimnase miguu. Pindo la mdomoni lizungushie marekani au kitambaa cha jinzi, kwa sababu ndilo linaloburuzwa kwenye miiba. Mpini uwe mwanzi mkavu wa mita moja na nusu. Mfuate kipepeo kutoka nyuma, na kivuli chako kisimpite; kivuli kikimgusa tu, ameondoka.

Kabla hujatoka nyumbani, jua unakwenda wapi. Msitu wa Amani, hapo juu yetu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na ndani yake hukamati kitu bila kibali. Hifadhi za Taifa na misitu mingine ya hifadhi ni vivyo hivyo, Kenya na Tanzania. Kutuma wadudu nje ya nchi, hata wakiwa wakavu, kuna vibali vyake pia. Wenzetu wa vijiji vya Usambara Mashariki wanaofuga vipepeo na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akisubiri kugeuka kipepeo, walikwama kabisa mwaka 2016, Serikali iliposimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Anayekusanya kwa kupenda abaki kwenye bustani yake, shamba lake, na mashamba ya watu waliomruhusu. Kuna vya kutosha humo kwa maisha yote.

Michungwa, ndizi na shuka jeupe

Muheza ni nchi ya machungwa, na mchungwa una kipepeo wake, Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wakulima wanamjua kwa ubaya, kwa sababu viwavi wake wanakula majani machanga na mche mdogo wanaweza kuumaliza. Ukimwomba mkulima viwavi hao atakupa na kukushukuru.

Hawa ndio ninaomshauri kila anayeanza aanze nao. Kiwavi mchanga ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na nyeupe, amelala juu ya jani wazi kabisa, na ukimtazama haraka utasema ni kinyesi cha ndege. Akikua anajivua ngozi na kugeuka kijani chenye mikanda ya kahawia. Mguse kidogo nyuma ya kichwa: atatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zilizoungana chini, na harufu kali ya ndimu iliyovunda itakufikia puani, kisha atazirudisha ndani taratibu. Ndivyo anavyofukuza siafu na ndege. Mweke kwenye ndoo iliyofunikwa neti, tawi la mchungwa au mdimu likiwa ndani ya chupa ya maji, mdomo wa chupa ukizibwa kwa pamba asije akatumbukia. Majani yabadilishwe kila siku, na kinyesi kitolewe, maana unyevu wa kinyesi ndio unaoleta maradhi. Majani yaliyopigiwa dawa yatawaua wote, kwa hiyo muulize mwenye shamba kwanza.

Akikaribia kuwa pupa ataacha kula, atatembeatembea, kisha atajifunga kwenye kijiti kwa mkanda wa hariri unaopita mgongoni. Usimbandue. Baada ya wiki mbili hivi atatoka, mara nyingi asubuhi, mabawa yakiwa yamesinyaa. Hakikisha ana kijiti cha kuning'inia, la sivyo yatakauka yamejikunja. Mpe saa kadhaa yakauke vizuri. Kipepeo wa namna hii hana mkwaruzo hata mmoja, na huyo ndiye anayefaa kuwekwa. Chukua dume mmoja na jike mmoja, wengine waachie. Wakati mwingine pupa atatoboka na nyigu wadogo watatoka badala ya kipepeo. Nao wahifadhi na uwaandikie lebo, kwa sababu habari ya nani anamla nani ni adimu kuliko kipepeo mwenyewe.

Vipepeo wa jamii ya Charaxes, wenye vifua vinene na mikia miwili kwa kila bawa la nyuma, hawahangaiki na maua. Wanapenda matunda yaliyovunda, utomvu wa miti na mavi. Shona neti iwe pipa refu lililozibwa juu, liwe wazi chini, kisha ning'iniza sahani sentimita 4 hivi chini ya mdomo wake. Ndani ya sahani weka ndizi zilizoiva kupita kiasi, zipondwe na kumwagiwa tembo la mnazi, zikae siku mbili zichachuke. Kipepeo anaingia kwa chini, anakunywa, na akitaka kuondoka anaruka juu, akabaki humo. Kamba ya kuning'inizia ipake grisi. Bila hiyo sisimizi watafika kabla yako. Mtego ukaguliwe asubuhi na jioni, na usiowahitaji watoke wazima.

Kwa nondo, tandika shuka jeupe ukutani na taa mbele yake, usiku usio na mbalamwezi, hasa baada ya mvua za kwanza za vuli au za masika. Wale nondo wakubwa wenye duara kama macho kwenye mabawa hawana mdomo wa kulia. Wakishakuwa wakubwa wanaishi siku chache kwa akiba waliyokula wakiwa viwavi. Jike mwache akatage. Dume utamjua kwa vipapasio vipana vyenye manyoya manyoya, ambavyo anavitumia kunusa jike aliye mbali. Na kiwavi yeyote mwenye nywele usimshike kwa mkono mtupu.

Kuua, na kutandaza

Kuua kufanyike haraka na kwa heshima. Kipepeo wa kawaida unambana kifua chini ya mabawa kwa kidole gumba na cha shahada, sekunde chache. Nondo wanene hawabanwi hivyo. Wala Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi: mwili wake ni mgumu kama ngozi, utambana na baadaye ataruka. Njia ninayoiamini mimi ni friza. Mdudu anaingia kwenye bahasha ya karatasi, bahasha kwenye kopo la plastiki, kopo kwenye friza usiku kucha. Nondo mkubwa mpe siku mbili.

Bahasha ni karatasi ya mstatili iliyokunjwa mshazari ikawa pembetatu, pindo mbili za pembeni zikifungia. Andika mahali na tarehe kabla ya kumweka mdudu ndani, maana kalamu ikipita juu yake itamponda.

Ukimtandaza siku hiyohiyo ni rahisi. Akishakakamaa itabidi alainishwe: kopo lenye mfuniko, mchanga uliochemshwa na kuloweshwa, matone ya Dettol kuzuia ukungu, na mdudu juu ya kisahani asiguse maji. Siku moja au mbili zinatosha, mabawa yatafunguka bila kukaidi.

Sasa pini, na hapa nasema kama fundi. Pini zetu za kushikizia nguo zisipite kwenye mwili wa mdudu. Ni nene, na kwa hewa yetu zinashika kutu. Za shaba ni mbaya zaidi, majimaji ya mwili yanazifanya ziote kitu cha kijani ambacho kinampasua kipepeo kutoka ndani. Agiza pini za wadudu za chuma kisichoshika kutu, namba 2 na 3, urefu wa milimita 38. Hizo za kwetu zitumie kushikia karatasi tu.

Ubao wa kutandazia ni vipande viwili vya mbao laini vyenye mfereji katikati: milimita 6 kwa wadogo, 10 kwa Charaxes, 15 kwa nondo wakubwa. Mimi nimebandika chini ya mfereji na juu ya mbao lile povu la kandambili, pini inaingia vizuri na haitetereki. Pini ipite wima katikati ya kifua, ibaki sentimita moja juu. Mwili ushuke kwenye mfereji hadi mashina ya mabawa yawe usawa mmoja na ubao. Lalisha kila upande ukanda wa karatasi nyororo, ile ya kunakilia ramani. Kisha kwa sindano nyembamba sukuma bawa la mbele, ukiiweka sindano nyuma ya ule mshipa mnene wa ukingoni, hapo tu, kwingine linachanika. Lipandishe mpaka ukingo wake wa nyuma uwe pembe mraba na mwili. Bawa la nyuma litafuata, likiacha pengo dogo. Pini za kushikia zizunguke bawa bila kulitoboa. Malizia na vipapasio, ambavyo vinavunjika kwa pumzi, uvipange mfano wa herufi V.

Kipupwe wiki mbili zinatosha. Masika mwache mwezi mzima. Mguse tumbo kwa ncha ya sindano: likicheza peke yake, bado. Na miguu ya meza unayokaushia iwe ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ya taa kidogo, sisimizi wasipande.

Lebo

Kipepeo asiye na lebo ni pambo. Kwenye pini, chini ya mwili, ikae karatasi ndogo isiyo na tindikali, iliyoandikwa kwa penseli au wino wa kuchorea. Wino wa kalamu za kawaida unafifia. Yangu inasomeka hivi: TANZANIA, Tanga, Muheza, 5.17° Kusini, 38.78° Mashariki, 14.IV.2024, kiwavi juu ya mchungwa, kisha jina langu. Mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi ili siku na mwezi visichanganywe. Jina la kipepeo liwe kwenye lebo ya pili, kwa sababu jina linaweza kusahihishwa lakini mahali na siku havibadiliki. Mfano ni huyo Danaus. Jike wa Hypolimnas misippus anamwiga kiasi kwamba wengi huwaweka pamoja. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, mwigaji ana moja karibu na ukingo wa mbele.

Sanduku

Sanduku la mninga au mkangazi, mfuniko unaokaa barabara, ndani limetandikwa povu la kandambili. Povu jeupe la maboksi ya televisheni halifai ukitumia naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini, kwa sababu mvuke wake unaliyeyusha na pini zinalala. Pembeni weka vifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, na kila mwezi uvikaushe upya kwenye joto la jikoni. Liwe mbali na mwanga, na mbali na ukuta unaopokea mvua.

Adui mkubwa ni mbawakawa mdogo wa milimita 2 au 3 ambaye mtoto wake ni funza mwenye manywele ya kahawia. Anakula kipepeo kutoka ndani, na dalili ya kwanza ni unga laini chini ya pini. Ukiuona, sanduku zima lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uliweke kwenye friza wiki nzima. Ukilitoa usifungue mfuko. Liache mezani mpaka lipate joto la chumba, ili maji yatokee nje ya plastiki na yasitue juu ya mabawa. Baada ya siku tatu lirudishe friza mara ya pili, kwa ajili ya mayai yaliyosalimika, kisha panguza unga wote kwa brashi laini ili mwezi ujao ukiona unga ujue ni mpya.