Somo: Kupanga wiki ya kijana anayeteleza barafuni bila kumnyima usingizi

Somo hili ni la vijana wanaocheza mchezo wa kuteleza barafuni kwa sanaa, wale wa kuruka, kuzunguka na kufuata muziki, pamoja na wazazi wao walioko Minnesota, Toronto, Oslo na kwingineko ambako watoto wetu wameupenda. Kila msimu naambiwa muda hautoshi. Nikiitazama wiki ya mtoto kwa makini, naona muda mwingi umevujia kwenye kutafuta soksi, kufunga kamba mara tatu, na kuzunguka uwanja bila kujua zoezi linalofuata ni lipi.

Hatua ya 1: Usingizi ndio unaingia kwanza kwenye ratiba

Chora siku saba kwenye karatasi. Barafu bado usiiandike. Andika saa za kulala. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanashauri saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18, na saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12.

Sasa piga hesabu. Kipindi cha barafu kinaanza saa 12 asubuhi, mnatoka nyumbani saa 11 na robo, basi kuamka ni saa 11 kasoro robo alfajiri. Ukitaka saa tisa za usingizi, taa izimwe saa 2 kasoro robo usiku. Nani ataweza hivyo kila siku, na kazi za shule bado ziko mezani? Ndiyo maana nasema waziwazi: asubuhi mbili kwa wiki zenye usingizi kamili zina faida kuliko asubuhi tano za kupiga miayo. Siku nyingine tafuteni kipindi cha baada ya shule. Mruko hautaki mwili uliochoka. Mikono ikichelewa kidogo tu kujifunga, mzunguko haukamiliki, na anayelipa ni nyonga na goti.

Hatua ya 2: Shule ijulishwe mapema

Tarehe za mashindano mara nyingi hujulikana mapema. Zipeleke kwa mwalimu wa darasa mara tu zinapotoka, kwa barua fupi, na uombe kazi zako kabla ya kusafiri.

Anayesema shule na barafu haviendi pamoja akumbuke mtelezaji Debi Thomas. Mwaka 1986 alikuwa bingwa wa Marekani na wa dunia huku akisoma mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1988 kule Calgary akachukua shaba, Mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki ya majira ya baridi, na baadaye akawa daktari wa upasuaji wa mifupa. Mtelezaji Nathan Chen naye aliingia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2018 huku kocha wake yuko California, kwa hiyo siku nyingi alifanya mazoezi bila kocha pembeni. Alitetea ubingwa wa dunia mwaka 2019 akiwa mwanafunzi, na dhahabu ya Olimpiki ikaja Beijing mwaka 2022. Mtu hawezi kufika huko kama akiingia barafuni anasubiri kuambiwa afanye nini.

Hatua ya 3: Andika kipindi chako dakika kwa dakika

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu saa moja ya barafu ni ghali na haiongezwi.

Fika dakika 30 kabla. Dakika 15 za mwanzo ni za nchi kavu: ruka kamba, kisha fanya mirukio yako sakafuni kwa viatu vya raba. Halafu vaa viatu vya barafu. Kamba ziwe legevu kidogo vidoleni, zikazwe kwenye kifundo cha mguu, juu zilegee tena ili goti lipate kukunjika. Zamboni, ile mashine ya kulainisha barafu, ikitoka uwanjani uwe tayari umesimama mlangoni.

Kipindi cha dakika 60 mimi hukigawa hivi. Dakika 10 za kwanza ni za hatua na kingo za bladi, yaani kuteleza ukiegemea ukingo wa ndani au wa nje wa chuma cha kiatu. Dakika 20 za mirukio, na miwili tu: mmoja unaojifunza, mmoja unaoulinda usipotee. Ukijaribu mara tano mfululizo na kosa ni lilelile, uache mruko huo, nenda kwenye zoezi jingine. Hasa mruko uitwao aksel: unaiondokea ukitazama mbele, kwa hiyo hata ile nyepesi kabisa ina mzunguko mmoja na nusu, na watoto wengi huipa kipindi kizima wakatoka na michubuko bila kupata kitu. Dakika 10 zinazofuata ni za kuzunguka.

Dakika 15 ni za programu, yaani onyesho lako zima la mashindano, pamoja na muziki wake. Kwenye uwanja wa pamoja kuna foleni ya muziki, kwa hiyo jiandikishe unapoingia, si unapokuwa tayari. Muziki wa mwenzako ukipigwa, mpishe njia, nawe endelea na hatua zako pembeni.

Dakika 5 za mwisho toka, keti, fungua daftari. Mistari mitatu inatosha. Mfano: "Aksel: 3 kati ya 10. Bega la kushoto linafunguka mapema. Kesho: kuondokea polepole." Kesho ukifika, kazi yako inakungoja imeshaandikwa.

Hatua ya 4: Begi hufungwa usiku

Viatu, kinga za bladi, kitambaa cha kufutia, soksi nyembamba jozi mbili, glavu, maji, chakula, daftari. Bladi ifutwe ikauke kabisa, la sivyo inashika kutu. Kunoa usikuache hadi siku ya mwisho kabla ya mashindano, maana mguu unahitaji vipindi kadhaa kuizoea bladi iliyonolewa upya.

Hatua ya 5: Siku moja bila barafu

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri angalau siku moja kwa wiki mtoto apumzike na mchezo wake, pamoja na mapumziko marefu ndani ya mwaka. Mifupa inayokua inaweza kupata nyufa kwa kurudiarudia kutua mguu uleule. Siku hii haijadiliwi.

Maswali ya wazazi na vijana

Mama, Toronto: Binti yangu ana miaka 11. Madrasa ni Jumamosi na Jumapili asubuhi, na vipindi vizuri vya uwanja wetu ni saa hizohizo. Nifanyeje, dada?

Dada yangu, usimgombanishe mtoto na madrasa. Muulize ustadhi kama siku moja inaweza kuhamia jioni. Ikishindikana, vipindi viwili vya katikati ya wiki vilivyoandikwa vizuri vinamtosha kwa umri wake.

Kijana wa miaka 15, Minneapolis: Shikamoo mwalimu. Ramadhani nifanyaje mazoezi?

Marahaba mwanangu. Mwambie kocha mapema. Mwezi huo usijifunze mruko mpya. Fanya hatua, kingo na mikono ya programu, karibu na wakati wa futari ili ukimaliza ule na unywe. Ukihisi kizunguzungu, toka barafuni papo hapo.

Baba, Oslo: Kocha anataka asubuhi nne za barafu kwa wiki. Mwanangu ana miaka 12, naogopa nikikataa atachelewa kufikia wenzake.

Kaka, anachelewa wapi? Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliamua mwaka 2022 kupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka 15 hadi 17, na umri huo wa 17 umeanza msimu wa 2024/25. Ana miaka mitano mbele yake. Kaa na kocha, mwonyeshe ratiba ya usingizi, anzeni na asubuhi mbili.

Binti, St. Paul: Nikisoma ndani ya gari nasikia kichefuchefu.

Basi garini sikiliza masomo ya kusikiliza au lala. Kazi za kuandika fanya ukiwa umekaa uwanjani, wakati Zamboni inasafisha. Zile ni dakika 10 hadi 15, na zinatosha hesabu tatu au nne.