Kushuti sini ya pati kwa video ya muziki ya wanachuo Dodoma

Watu 15 wanatosha pati ionekane imejaa, mradi usiwatawanye. Wabane kwenye kona moja ya sebule, wawili watatu wasimame karibu na lenzi wakiipa mgongo, msanii katikati, kamera usawa wa kifua. Ukishuti kutoka juu, sakafu tupu itakuumbua.

Taa ndiyo kazi yenyewe. Zima ya dari, weka LED mbili za rangi nyuma ya watu na moja nyeupe hafifu pembeni ya uso wa msanii. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tumia fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50. Ukiweka 1/60, taa za bei nafuu zinaweza kuleta mistari inayotembea kwenye picha, na kuiondoa wakati wa kuhariri ni mateso.

Wimbo upigwe kwenye spika kila teki, la sivyo midomo haitaoana. Kwa mwendo wa taratibu, shuti fremu 50, shata 1/100, wimbo ukienda kasi maradufu na msanii akiufuata. Ukiirudisha video kwenye fremu 25 wakati wa kuhariri, midomo inakaa sawa.

Glasi jazeni juisi ya zabibu, kwenye kamera ni mvinyo tu. Ila kiwango kibaki kilekile, maana kikipandapanda shoti hazitaungana.

Uani, upepo wa Dodoma huangusha stendi: ning'iniza mfuko wa mchanga, na usibadilishe lenzi kwenye vumbi. Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe mapema.