Mtoto mchanga akipaliwa: sikiliza kabla ya kupiga

Kila ninapowafundisha wazazi kwa mwanasesere, kosa la kwanza huwa lile lile: mtu anarukia mgongo kabla hajajua kama mtoto anapumua. Haya ninayoeleza ni ya mtoto aliye chini ya mwaka 1. Naanza na dharura yenyewe, kinga itafuata, maana wengine husoma jambo hili mioyo ikiwa tayari mbio.

Hatua ya 1: Sikiliza

Mtoto anayekohoa kwa nguvu au kulia, uso umemwiva, ulimi nje kama anayetaka kutapika, huyo hewa inampitia. Mwache akohoe. Kikohozi chake kinafanya kazi kuliko kofi lako. Mkalishe wima, na usimwondolee macho.

Cha kuogopa ni kimya. Mdomo umeachama lakini kilio hakitoki, au kikohozi kimefifia kikawa mluzi mwembamba. Tazama midomo, ufizi na ulimi: vikigeuka kijivu au buluu, hewa imekatika. Mtu mwingine apige simu ya dharura. Ukiwa peke yako, weka simu kwenye spika huku mikono ikiendelea.

Hatua ya 2: Mgongo, mara 5

Kaa, au piga magoti. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, miguu yake ikining'inia huku na huku, kisha mkono huo uegemeze pajani. Kichwa kiwe chini kuliko makalio. Vidole vyako vishike mfupa wa taya. Ukishika pale penye nyama laini chini ya kidevu, wewe ndiye unayemkaba; nilifanya hivyo siku yangu ya kwanza ya mafunzo, na mwalimu akanishika mkono bila kusema neno.

Sasa mpige katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, ile sehemu ngumu inayopakana na kifundo cha mkono. Kila pigo lijitegemee, na baada ya kila moja tazama kama kitu kimetoka. Liwe pigo kweli. Wengi humpapasa mwanasesere kana kwamba wanamcheulisha baada ya kunyonya, na mpapaso hautoi kitu kilichokwama.

Hatua ya 3: Kifua, mara 5

Bado? Weka mkono wa pili mgongoni mwake, kiganja kikidaka kisogo, mgeuze chali ukiwa umembana kati ya mikono miwili. Kichwa kibaki chini. Weka vidole 2 juu ya mfupa wa katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari unaounganisha chuchu, ubonyeze kwa mshtuko mara 5, kila mara kifua kididimie kiasi cha theluthi moja ya kina chake, yaani kama sentimita 4. Mwongozo wa Marekani wa 2025 unataka kitako cha kiganja kimoja badala ya vidole. Kama ulifundishwa vidole, usisite kuvitumia. Dakika hiyo si ya kubishana.

Tumboni usibonyeze kabisa. Ini la mtoto wa umri huu ni kubwa kwa mwili wake na mbavu hazilifuniki vizuri. Usimwinue kwa miguu, usimpe maji, wala usipekue kooni kwa kidole usichokiona mwisho wake, utakisukuma kitu ndani zaidi. Ukikiona mdomoni, hapo kitoe.

Endelea mgongo 5, kifua 5, mpaka kitoke, alie, au alegee.

Hatua ya 4: Akilegea

Mlaze chali mahali pagumu. Bonyeza kifua mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha chungulia mdomoni. Kichwa kiwe sawa, kisipinde nyuma sana. Funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, puliza mara 2, hewa ya mashavuni tu, ukitazama kifua kikiinuka. Kisipoinuka, rekebisha kichwa. Rudia. Kama hakuna mtu wala simu karibu, fanya hivi kwa dakika 2 kisha mbebe uende kutafuta msaada.

Kitu kikitoka na mtoto akacheka, bado mpeleke hospitali. Kipande huweza kubaki, na kifua kimebonyezwa. Na akimeza betri ndogo bapa ya rimoti au saa, usingoje dalili: inaweza kuunguza umio, yaani njia ya chakula, ndani ya saa 2.

Kinga

Chakula kigumu kisubiri takriban miezi 6, mtoto akiweza kukaa na shingo imekaza. Ale ameketi wima, nawe uko mbele yake, si jikoni. Zabibu na nyanya ndogo zikate kwa urefu, vipande vinne. Duara ndilo linaloziba koo kama kizibo cha chupa. Soseji vilevile, usikate visahani. Karoti na tofaa zipikwe zilainike. Karanga nzima, bisi na peremende ngumu hazimhusu. Chupa ya maziwa usiiegemeze kwa mto ukaondoka.

Vitu vya kuchezea vipime kwa bomba la karatasi ya chooni: kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwake. Puto lililopasuka ni baya zaidi, maana ule mpira hunata kooni na kuziba hewa.

Kisha lala kifudifudi sakafuni, macho usawa wa macho yake. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo kwangu, sebule ikiwa imefagiwa asubuhi ile ile, niliokota kifuniko cha kalamu, kifungo cha shati na sarafu moja chini ya kochi.