Jinsi ya kuboresha nyaraka za marejeo za maktaba ya lugha ya programu: fanksheni moja kwa wakati mmoja

Anayefungua ukurasa wa marejeo kwa kawaida hajifunzi lugha. Programu yake imekwama, jina la fanksheni analijua tayari, na ana swali moja: nikiipa kitu hiki, itanirudishia nini? Hasomi ukurasa tangu juu hadi chini. Huruka moja kwa moja hadi kwenye ingizo la fanksheni hiyo, yaani sehemu inayoielezea, husoma mistari michache, kisha hurudi kazini. Kwa hiyo kila ingizo lijitosheleze, na lijibu yale ambayo jina la fanksheni peke yake haliwezi kuyajibu.

Mifano mingi hapa ni ya Python, kwa kuwa nyaraka zake zimekaa pamoja na msimbo wake na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Lugha nyingine zinatajwa pale zinapofanya jambo vizuri zaidi.

Pa kuanzia

Usianze na moduli nzima; utachoka kabla hujafika popote. Tafuta fanksheni moja inayowapotosha watu. Mahali pazuri pa kuitafuta ni kwenye ripoti za hitilafu zilizofungwa kwa jibu kwamba fanksheni inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Kila ripoti ya namna hiyo inakuonyesha mtu aliyesoma nyaraka, akaelewa jambo fulani, na jambo hilo likawa si kweli. Maneno aliyotumia kueleza alichotarajia yatakufaa sana utakapoandika.

Mfano mmoja wa kutazama kwa karibu ni `rstrip`. Mtu ana mafaili ya sauti na anataka kuondoa `.mp3` mwishoni mwa jina:

```
>>> 'sehemu2.mp3'.rstrip('.mp3')
'sehemu2'
>>> 'sehemu3.mp3'.rstrip('.mp3')
'sehemu'
```

`sehemu2` imetoka sahihi, `sehemu3` imepoteza namba yake. Sababu ni kwamba hoja ya `rstrip` (argument, yaani kile unachoipa ndani ya mabano) ni fungu la herufi, mpangilio wake hauna maana yoyote. Fanksheni huanzia mwisho wa neno, huondoa kila herufi iliyomo katika fungu, na husimama inapokutana na isiyomo. Kwenye `sehemu2` ilisimama penye 2. Kwenye `sehemu3` ile 3 ya namba ya sehemu imo katika fungu, ikaondolewa pamoja na nyingine, na kazi ikakoma kwenye `u`. Kosa la aina hii ni baya kwa sababu majaribio machache ya mwanzo hupita vizuri.

Sentensi inayosema tu kwamba fanksheni "huondoa herufi za mwisho zilizotajwa" ni ya kweli, lakini haimsaidii huyu msomaji. Anahitaji mambo matatu: hoja ni nini, hoja si nini, na aende wapi kama alichotaka ni kingine. Python 3.9 iliongeza `removesuffix` na `removeprefix` kwa haja hiyo hasa, na sasa ingizo la `rstrip` linamwelekeza msomaji huko kwa mfano. Ukikuta fanksheni nyingine yenye mtego kama huu, fuata umbo hilohilo.

Ijaribu kwenye kingo zake

Kabla ya kuandika neno lolote, fungua terminali na uipe fanksheni vitu ambavyo mwandishi wa kwanza hakuvifikiria: mfuatano wa herufi (string) ulio mtupu, orodha yenye kitu kimoja, namba hasi, sifuri, `None` (alama ya Python ya kutokuwepo kitu), herufi zisizo za Kilatini. Mfano mdogo:

```
>>> ''.split()
[]
>>> ''.split(',')
['']
```

Fanksheni ni ileile, mfuatano ni uleule mtupu, na majibu ni tofauti. Anayehesabu vipande vya mstari mtupu atapata 0 au 1 kutegemea kama aliandika kitenganishi. Hali kadhalika `round(2.5)` hutoa 2 na `round(3.5)` hutoa 4, maana nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Hayo ndiyo mambo ambayo watu huja kuyatafuta.

Ila kuna hatari hapa. Unachokiona kwenye terminali kinaonyesha toleo hilo linavyofanya leo. Lugha inaweza kuwa haijaahidi chochote. Katika Go, `sort.Slice` haiahidi kutunza mpangilio wa vitu vinavyolingana. Lakini ukiijaribu kwa vitu 10 utaona mpangilio umetunzwa, kwa sababu orodha fupi hupangwa kwa njia ya kuchomeka (insertion sort) ambayo kwa asili yake hutunza mpangilio. Orodha ikirefuka, njia hubadilika na mpangilio unaweza kuvurugika. Ukiandika ulichokiona kwa vitu 10, umewapa wasomaji ahadi ya uongo.

Historia ya kamusi (`dict`) za Python inaonyesha mpaka huo vizuri. Katika toleo la 3.6, CPython, yaani utekelezaji rasmi wa Python ulioandikwa kwa C, ilianza kutunza mpangilio wa kuingiza, lakini nyaraka zilionya kwamba hilo ni suala la utekelezaji na lisitegemewe. Toleo la 3.7 ndilo lililolifanya kuwa ahadi ya lugha. Kwa hiyo ukishajaribu, soma msimbo wa fanksheni na majaribio yake (tests). Tabia isiyolindwa na jaribio lolote waulize wanaoitunza moduli hiyo kabla hujaiandika.

Kuandika ingizo

Sentensi ya kwanza ibebe tendo na matokeo yake. Kwa `list.sort`, ni lazima ieleweke mapema kwamba inaipanga orodha ileile na inarudisha `None`, la sivyo watu wataendelea kuandika `a = a.sort()` na kuipoteza orodha yao. Athari ya namna hiyo ikifichwa kwenye aya ya tatu, haina tofauti na kutoandikwa.

Kwa kila hoja, taja aina yake, thamani yake ya msingi, na kinachotokea ikiachwa. Uangalifu zaidi unahitajika pale thamani ya msingi inapotegemea mazingira. `open` katika hali ya maandishi kwa miaka mingi imechukua usimbaji (encoding, namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti) wa mashine inayoendesha programu. Faili lililoandikwa kwa UTF-8 kwenye mashine moja likafunguliwa kwenye nyingine yenye usimbaji tofauti, ama litasomeka kwa alama za ajabu ama litaleta `UnicodeDecodeError`. Kueleza hivyo kwa maneno hakutoshi. Weka `encoding='utf-8'` ndani ya mfano wenyewe, maana wengi hunakili mfano bila kusoma maelezo.

Makosa yataje kwa majina. `list.index` hutoa `ValueError` kitu kisipopatikana, ilhali `dict.get` hurudisha `None` kimyakimya. Anayeandika programu anahitaji kujua yuko kwenye hali ipi. Usiorodheshe kila kosa linaloweza kutokea duniani, taja yale ambayo mwitaji anaweza kuyashughulikia. Rust ina desturi nzuri ya kuyapa haya vichwa vyake maalumu, `Errors` na `Panics`, na macho huyaona mara moja.

Jambo lililoanza katika toleo fulani liwekewe alama: `versionadded`, `versionchanged` au `deprecated`. Unapoandika kwamba kitu kinaachwa, toa sababu na mbadala papo hapo. `datetime.utcnow()` iliwekwa kwenye orodha ya vinavyoachwa katika toleo la 3.12, inarudisha wakati usio na taarifa ya ukanda wa saa, na badala yake itumike `datetime.now(timezone.utc)`. Bila sehemu hiyo ya mwisho, msomaji amepewa onyo asiloweza kulifanyia kazi.

Mifano iendeshwe na mashine

Mfano usioendeshwa huoza. Python ina `doctest`: andika `python -m doctest faili.rst`, na kama kila kitu kiko sawa haitasema lolote. Ongeza `-v` uone mfano mmojammoja. Rust huendesha mifano ya nyaraka kupitia `cargo test`. Katika Go, fanksheni ya mfano huendeshwa na kulinganishwa iwapo ina maoni ya `// Output:`. Bila hayo hukusanywa tu (compile), haiendeshwi.

Mifano mingi huanguka kwa sababu matokeo yake hayatabiriki. Seti ya maneno huweza kuchapishwa kwa mpangilio tofauti kila programu inapoendeshwa, kwa hiyo ipitishe kwenye `sorted()`. Anwani ya kumbukumbu kama `0x7f...` isikae kwenye mfano kabisa.

Kujenga na kutuma

Kwa CPython, maandishi yako katika `Doc/library`. Ingia `Doc`, endesha `make venv`, kisha `make html`, na ufungue `build/html/index.html` kwenye kivinjari. `make check` itakamata makosa ya uandishi wa alama. Kosa la kawaida ni kuweka alama moja ya backtick (ile iliyozunguka majina ya msimbo hapa) kila upande wa jina la msimbo badala ya mbili. Herufi zitainama (italiki) badala ya kuonekana kama msimbo. Kiungo kama `:func:` chenye jina lililokosewa kinaweza kugeuka maandishi ya kawaida bila onyo lolote, kwa hiyo bonyeza kila kiungo ulichokigusa.

Kumbuka pia kwamba `help()` haisomi faili la `.rst`, lile la maandishi ya nyaraka. Inasoma maelezo yaliyo ndani ya msimbo, na ukirekebisha upande mmoja, mwingine utabaki na uongo wa zamani. Kwa fanksheni zilizoandikwa kwa C, faili lililo chini ya folda ya `clinic` huzalishwa na mashine. Badilisha maelezo kwenye faili la asili la `.c`, kisha endesha `make clinic`, vinginevyo kazi yako itafutwa na mtu mwingine atakapoiendesha.

Tuma badiliko dogo. Usichanganye marekebisho ya tahajia na badiliko la maana, kwa sababu mpitiaji atalazimika kutafuta sentensi nne za kupimwa kati ya mistari 200 iliyoguswa. Katika maelezo ya ombi lako la badiliko (pull request) weka msimbo mfupi unaoonyesha tabia unayoielezea, toleo ulilolijaribia, na jina la jaribio linaloilinda.