Trei ya kebo kwenye majengo ya pwani: anza na maungio

Trei, yaani njia ya chuma inayobeba kebo za umeme, ni nadra kuharibika katikati ya kipande. Hulegea, hushika kutu na kupoteza ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) kwenye maungio, na kwa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa chumvi ya hewani huharakisha yote matatu. Kwa hiyo hesabu ianzie hapo.

Chukua njia ya mita 30 nje ya ghala: trei ya matundu, upana milimita 300, vipande vya mita 3. Utahitaji vipande 10, maungio 9, bamba za kuungia 18 (mbili kila ungio) na, kwa bolti nne za M6 (kipenyo milimita 6) kila bamba, bolti 72. Nunua 80, chache zitaangukia majanini. Sapoti, yaani mabano yanayoshikilia trei, huwekwa kila mita 1.5 kwa kawaida, ila katalogi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu uzito. Kebo sita za kilo 2 kwa mita zinaipa kila sapoti kilo 18, bila trei yenyewe.

Trei iwe imechovywa kwenye zinki iliyoyeyuka baada ya kukatwa na kutobolewa. Ile iliyotengenezwa kwa bati lililokwisha kupakwa zinki ni nafuu, lakini kingo na matundu yake hubaki chuma kitupu. Nje, karibu na bahari, huo ni uchumi wa kujidanganya.

Ungio lisikae katikati kabisa ya sapoti mbili, maana ndipo trei inapopinda zaidi. Lenga robo ya nafasi kati ya sapoti hizo. Sapoti ya kwanza ikiwa milimita 375 kutoka mwanzo, kisha kila 1,500, maungio yote tisa yataangukia robo bila hesabu nyingine. Sapoti zitakuwa 20. Ongeza ya 21 mwishoni, la sivyo mkia wa zaidi ya mita moja utaning'inia.

Vichwa vya bolti vikae ndani, nati nje. Nati ya ndani huchana ganda la kebo wakati wa kuvuta. Kila ulipokata kwa grainda, piga tupa kingo, kisha paka rangi ya zinki mara mbili.

Chuma cha mita 30 kikipata tofauti ya joto ya nyuzi 30 hurefuka karibu milimita 11. Weka ungio la kutanuka, na juu yake waya wa ethi wa kuruka pengo, kwani ungio hilo lenyewe halitegemewi kupitisha umeme. Ncha za shaba za waya huo ziwe zimepakwa madini ya bati (tin). Shaba tupu juu ya zinki, pakiwa na unyevu wa chumvi, huila zinki. Pima ukinzani wa kila ungio: kiwango cha kimataifa cha trei za kebo, IEC 61537, kinataka usizidi miliohmu 50.

Kebo zenye kinga ya nyaya za chuma zikunjwe kwa nusu kipenyo kisichopungua mara 8 ya unene wake: kebo ya milimita 40, kona ya 320. Zikilala sita zikigusana katika safu moja, zidisha uwezo wa kila moja wa kubeba umeme kwa 0.73, hivyo ya ampea 100 inabaki na 73. Hapa ndipo wengi huongeza kebo ya saba na ya nane kimyakimya, kisha hushangaa ganda kukauka kwa joto. Kebo za data zitenganishwe kwa kizuizi cha chuma. Kwenye trei ya wima, vibano viwe vya chuma. Tai za plastiki huyeyuka moto ukizuka na kebo humwangukia mzimamoto. Tundu la ukutani lizibwe kwa kizuia moto.

Ukaguzi ni kila mwaka, na karibu kabisa na bahari kila miezi sita. Zima umeme, funga swichi kwa kufuli, kisha hakikisha kwa testa kabla ya kugusa. Unga mweupe maana yake zinki inaliwa: safisha, paka rangi ya zinki. Kutu ya kahawia maana yake zinki imekwisha. Ikiwa ni kwenye bamba la kuungia, badilisha bamba na bolti zake. Kaza nati, ondoa majani, viota vya panya na kebo zisizotumika. Tenga vifaa vya elektroniki, kisha pima insulesheni (ganda linalozuia umeme kuvuja) kwa mega, yaani kipimo chake, ya volti 500: chini ya megaohmu 1, usiwashe.