Namna ya Kuandaa Shindano la Kuimba kwa Wanaojifunza Kichina Mjini Kigoma

Anayeandaa shindano la aina hii aweke kwanza sharti moja: kila mshiriki atamke ubeti mmoja wa wimbo wake kwa sauti ya mazungumzo, bila muziki, kabla ya kuuimba. Kichina sanifu kina toni kuu nne, yaani namna nne za kupandisha, kushusha au kusawazisha sauti katika silabi, zinazotenganisha maana za maneno, lakini mtu anapoimba, kupanda na kushuka kwa sauti huamuliwa zaidi na lahani, hivyo mwanafunzi asiyezijua toni anaweza kuimba vizuri na asigundulike. Wanafunzi wengi wa Kigoma wamekulia katika Kiha, ambacho nacho ni lugha ya toni, na kwa maoni yangu hiyo ni hazina ambayo walimu wawakumbushe mapema.

Wimbo uwe wa mwendo wa taratibu. Mpe kila mshiriki karatasi yenye herufi za Kichina, chini yake pinyin, yaani maandishi ya Kirumi yaliyopitishwa China mwaka 1958, yakiwa na alama zote za toni, kisha maana kwa Kiswahili, kwa sababu anayeimba asichokielewa hukosea hata mahali pa kuvuta pumzi.

Mazoezi yapewe muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Sisi tumezoea kumaliza neno kwa irabu, kwa hiyo silabi inayoishia kwa n au ng hujikuta imeongezewa i mwishoni, hasa noti inapovutwa. Mwalimu amzuie mwanafunzi papo hapo, amwambie ashikilie irabu ya katikati, kisha afunge kwa ng ileile ya ng'ombe. Kwa p, t na k za pinyin, mwanafunzi ashike kipande chembamba cha karatasi mbele ya midomo: kikitikisika, pumzi imetoka inavyotakiwa, akitamka b, d na g, kitulie. Irabu ya ü hupatikana kwa kutamka i huku midomo imeviringwa kama ya u.

Waamuzi watatu wanatosha, mmoja wao awe anakisema Kichina kwa ufasaha. Napendekeza alama 40 za matamshi katika wimbo, 30 za ubeti uliotamkwa, 20 za sauti na mapigo, na 10 za kujimudu jukwaani. Kila mwamuzi aandike silabi zilizokosewa, na karatasi hiyo akabidhiwe mshiriki siku hiyohiyo, awe ameshinda au ameshindwa.