Kupiga kwa piano muziki wa kisasa uliotungwa kwa fidla

Muziki wa ala wa siku hizi, hata ule uliotungwa kwa kundi la fidla, hupendeza ukipigwa kwa piano, mradi mpigaji akumbuke kwamba upinde huweza kuishikilia sauti ya fidla na hata kuikuza, ilhali sauti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogonga uzi. Kwa hiyo, noti ndefu igawanywe kuwa kodi (noti kadhaa zinazopatana) inayopigwa noti moja moja, ili sauti isikatike. Sauti za katikati zinaweza kupunguzwa. Melodi na besi (sauti ya chini kabisa) zisiguswe.

Anza na mkono wa kushoto peke yake, kwa mapigo 60 kwa dakika, kwa kuwa mara nyingi ndio unaorudia mpangilio uleule ukurasa mzima na ndio huchoka kwanza. Pedali ya kulia, ile inayoendeleza sauti, iachie kodi mpya inapogongwa, kisha uikanyage tena papo hapo. Wengi huikanyaga mwanzo hadi mwisho, nami naona hilo ndilo kosa linaloharibu zaidi muziki wa aina hii, maana kodi huchanganyika zikawa kelele. Melodi ya juu, ambayo mara nyingi huangukia kidole kidogo, ipewe uzito wa mkono mzima.